ASKARI WALIOKUWA WATUMWA: HABARI ZA VITA VYA UHURU WA HAITI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Jumuiya na wageni wao)



Katika nchi ya Haiti, karibu na mji mdogo uitwao Milot, yako magofu ya jumba kubwa la kifalme. Jumba hilo lilikamilika mwaka 1813, likapasuliwa na tetemeko la ardhi mwaka 1842, na tangu hapo halikukaliwa tena. Aliyelijenga ni Mfalme Henry Christophe, mtu aliyekuwa mtumwa katika ujana wake, kisha akawa jemadari, kisha akajitawaza mfalme wa sehemu ya kaskazini. Jina la jumba ni Sans-Souci, na maana yake kwa Kifaransa ni "pasipo mashaka". Wageni huambiwa kwamba jina hilo liliigwa kwa jumba la mfalme mmoja wa Kijerumani. Huenda ikawa hivyo. Lakini si mbali na mahali hapo aliuawa mtu aliyekuwa na jina hilo hilo, Kanali Jean-Baptiste Sans Souci, na aliyemwua ni huyo huyo Christophe. Habari za mtu huyo, na za askari wa namna yake, ndizo zisomwazo hapa leo.

Kwanza ijulikane nchi yenyewe. Kisiwa hicho kiko katika bahari ya Karibi, kati ya Amerika ya Kaskazini na Amerika ya Kusini. Sehemu yake ya magharibi Uhispania iliiachia Ufaransa mwaka 1697, nao Wafaransa wakaiita Saint-Domingue. Hata ilipofika mwaka 1789 hapakuwa na koloni jingine duniani lililowatajirisha wenyewe kama hilo. Zaidi ya nusu ya kahawa iliyonywewa Ulaya, na sukari karibu sehemu mbili katika kila tano, zilitoka huko. Waliozitoa mali hizo kwa jasho lao ni watumwa wapatao 500,000, na waliowatawala ni Wazungu kiasi cha 30,000. Katikati yao walikuwapo machotara na watu weusi huru, ambao hesabu yao ilikaribia ile ya Wazungu, na baadhi yao walikuwa na mashamba na watumwa wao wenyewe.

Kazi ya miwa ni kazi ya kuua. Wakati wa mavuno kinu hakikulala usiku wala mchana, na kando ya kinu liliwekwa shoka tayari, ili mkono wa mtumwa ukinaswa na magurudumu ukatwe upesi, asije akavutwa mwili mzima na kazi ikasimama. Watumwa walikufa kwa wingi kuliko walivyozaliwa. Mabwana wakapiga hesabu wakaona kununua wapya ni nafuu kuliko kuwatunza waliopo, na katika miaka ya mwisho kabla ya vita wakawa wanaletewa watu 30,000 na zaidi kila mwaka. Kwa sababu hiyo zaidi ya nusu ya watumwa wa Saint-Domingue walikuwa wamezaliwa Afrika.

Wenye kujua desturi za zamani za pwani ya Afrika ya Mashariki watakumbuka kwamba mtumwa aliyezaliwa nyumbani aliitwa mzalia, na yule aliyeletwa karibuni kutoka bara aliitwa mjinga. Hakuitwa hivyo kwa kuwa hana akili, bali kwa kuwa hajaijua lugha na mambo ya mahali. Huko Saint-Domingue nako ilikuwapo tofauti hiyo hiyo. Mzalia alisema lugha ya kisiwa, na pengine alipewa kazi ya upishi, ya ufundi, au ya kuendesha farasi wa bwana. Mjinga alipelekwa shambani moja kwa moja. Jambo hili liwekwe moyoni, kwani majemadari wenye majina makubwa katika vita ile walikuwa wazalia, na askari wao walio wengi walikuwa wajinga.

Wajinga hao walitoka wapi? Wengi walitoka Kongo na Angola. Wengine walitoka Dahomey, na nchi ya Wayoruba, na Senegal. Hata upande huu wa bara la Afrika haukusalimika, maana merikebu za Kifaransa zilipakia watu Msumbiji, zikazunguka nao Rasi ya Tumaini Jema mpaka Karibi, na huko waliitwa kwa jina la bandari waliyotoka. Kilwa nayo, mwaka 1776, Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa mji ule apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Ila hao walikusudiwa zaidi kwa visiwa vya Kifaransa vya Bahari ya Hindi. Miongoni mwa watu wa Senegal na nchi za jirani walikuwamo Waislamu, na wengine waliweza kuandika kwa herufi za Kiarabu, jambo lililowastaajabisha mabwana wasiojua kusoma vizuri hata lugha yao wenyewe.

Watu wa Kongo walileta kitu kingine. Nchini kwao vilikuwapo vita vya siku nyingi, watoto wa kifalme wakigombea kiti, na aliyeshindwa akatekwa na kuuzwa. Basi mwenye shamba alidhani amenunua mkono wa jembe, kumbe amenunua askari. Alikuwa mtu aliyekwisha kushika bunduki, aliyejua kuvizia, kutawanyika mizinga inapolia, kurudi nyuma kwa werevu na kumzunguka adui. Maafisa wa Kizungu waliopigana nao baadaye walilalamika kwamba watu hawa hawasimami kwa mistari kama askari wa haki. Kwa nini wasimame?

Vita ilianza usiku wa tarehe 22 Agosti 1791 katika uwanda wa kaskazini. Kwa majuma machache mamia ya mashamba yaliteketea, na moshi ulionekana mbali sana baharini. Kiongozi wa mwanzo, Boukman, aliuawa mwezi wa Novemba mwaka huo huo, na kichwa chake kikawekwa hadharani katika mji wa Le Cap. Wako wanaodai kwamba Boukman alikuwa mwalimu wa Kiislamu. Dai hilo halina ushahidi wa kutosha, na si adabu kumvisha marehemu kilemba ambacho hakuna aliyemwona nacho. Ushujaa wake unatosha.

Mwaka 1793 mfalme wa Ufaransa alikatwa kichwa na watu wake, na Uhispania na Uingereza zikaingia vitani na Ufaransa. Hapo watumwa wenye silaha wakawa bidhaa ya namna mpya, maana kila dola iliwataka. Wahispania wa upande wa mashariki wa kisiwa waliwapa viongozi wao bunduki, vyeo na nishani. Mmoja wa waliojiunga nao ni Toussaint Louverture, aliyekuwa ameachwa huru miaka mingi kabla ya vita, mtu mfupi, mwenye kusoma, mwenye kujua farasi na dawa za miti. Upande wa Ufaransa mjumbe Sonthonax alijiona hana jeshi. Mwezi wa Juni alitoa ahadi ya uhuru kwa kila mtumwa atakayeipigania Jamhuri, na tarehe 29 Agosti 1793 akatangaza uhuru wa wote katika jimbo la kaskazini. Februari 4, 1794, Baraza la Paris likauthibitisha uhuru huo kwa makoloni yote ya Ufaransa. Katika wajumbe waliokwenda kuishuhudia habari hiyo alikuwamo Jean-Baptiste Belley, kapteni wa askari wa miguu, aliyezaliwa Senegal, akauzwa utotoni, kisha akajikomboa.

Wengi wamelisifu Baraza lile, na sifa ina mahali pake. Lakini mpangilio wa tarehe uangaliwe. Watumwa walishika silaha mwaka 1791, mjumbe akatangaza mwaka 1793, na Baraza likaandika mwaka 1794. Paris iliwaandikia watu hati ya kitu ambacho walikuwa nacho mikononi tayari.

Wala askari wale hawakuwa wepesi wa kuvutwa na kila tangazo. Yupo mmoja wao, Macaya, mtu wa Kongo, aliyesaidia kuuteka mji wa Le Cap mwezi wa Juni 1793, kisha akaondoka na watu wake milimani. Wafaransa walipomwita arudi aitumikie Jamhuri aliwajibu kwamba yeye ni mtumishi wa wafalme watatu: mfalme wa Kongo, aliye bwana wa weusi wote, mfalme wa Ufaransa, aliye kama baba yake, na mfalme wa Uhispania, aliye kama mama yake. Wazungu walicheka jibu hilo. Asiyecheka ataona kwamba mtu huyu alikuwa na nchi na mfalme wake kabla ya kuitwa mtumwa, na hakuona sababu ya kuanza kuhesabu maisha yake pale Wafaransa walipotaka aanzie.

Toussaint aliwaacha Wahispania mwaka 1794 akahamia upande wa Ufaransa. Waingereza, waliokuwa wameingia kisiwani tangu Septemba 1793, waliondoka mwaka 1798 wakiwa wamepoteza askari wapatao 15,000, walio wengi kwa homa ya manjano. Mwaka 1801 Toussaint alitoa katiba iliyokataza utumwa milele, na iliyomfanya yeye mwenyewe kuwa gavana wa maisha.

Hapa pana jambo zito, na halifai kufunikwa kwa kuwa mwenye kutajwa ni shujaa. Toussaint aliamini kwamba uhuru hautadumu bila jeshi, jeshi halitadumu bila baruti, na baruti haipatikani bila sukari na kahawa. Kwa hiyo mwezi wa Oktoba 1800 alitoa amri kwamba mfanyakazi wa shamba arudi katika shamba alilokuwa, afungwe na kazi yake kama askari afungwavyo na kikosi chake, na asiondoke pasipo ruhusa. Mjeledi ulipigwa marufuku na robo ya mavuno ikawa yao. Lakini kengele ya alfajiri ilikuwa ile ile, na pengine bwana alikuwa yule yule, au jemadari mweusi aliyelikodi shamba lake. Mtu aliyepigana miaka tisa alitaka nini? Alitaka kipande chake cha ardhi, apande viazi, ndizi na kahawa kidogo, asiitwe na mtu. Mwezi wa Oktoba 1801 wafanyakazi wa kaskazini waliasi. Jemadari Moyse, mpwa wa Toussaint kwa kulelewa, alishtakiwa kuwa aliwaunga mkono. Toussaint akaamuru apigwe risasi.

Basi Jemadari Leclerc, shemeji yake Napoleon Bonaparte, alipofika mwanzoni mwa mwaka 1802 na manowari na askari zaidi ya 20,000, hakuwakuta watu wa moyo mmoja. Christophe aliuchoma moto mji wa Le Cap, kuanzia nyumba yake mwenyewe, kabla Wafaransa hawajashuka. Dessalines na watu wake waliipigania ngome ya Crête-à-Pierrot mwezi wa Machi, wakawaua Wafaransa wengi mno. Hata hivyo, mwezi wa Aprili Christophe alisalimu amri, akaachiwa cheo chake. Mwezi wa Mei Toussaint mwenyewe alisalimu, na Dessalines pia. Tarehe 7 Juni Toussaint alikamatwa kwa hila, akapakiwa chomboni, akafungwa katika ngome ya Joux, milimani kwenye baridi ya Ufaransa. Alifariki tarehe 7 Aprili 1803.

Kwa watu wa nje vita ilionekana imekwisha. Majemadari wote wenye majina walikuwa wamevaa sare ya Ufaransa. Leclerc akatoa amri ya kuwanyang'anya wafanyakazi bunduki zao, nazo zilikuwa nyingi, maana miaka kadhaa nyuma Sonthonax alikuwa amezigawa kwa maelfu, na yasimuliwa kwamba alizigawa akiwaambia kuwa atakayetaka kuzichukua ndiye atakayetaka kuwarudisha utumwani. Neno hilo lilikuwa halijasahauliwa. Kisha zikafika habari kutoka Guadeloupe. Huko askari weusi wa Jamhuri, chini ya Louis Delgrès, walikataa kunyang'anywa uhuru. Tarehe 28 Mei 1802, walipozingirwa huko Matouba, walijilipua kwa baruti pamoja na adui zao. Na utumwa ukarudishwa Guadeloupe mwaka huo huo.

Walioendelea kupigana Saint-Domingue katika miezi ile ya Juni mpaka Oktoba ni hao wasiokuwa na jina: Macaya, Sylla, Petit-Noël Prieur, na aliyewazidi wote, Jean-Baptiste Sans Souci. Sans Souci alikuwa mzaliwa wa Afrika, aliyetumikishwa katika upande wa Grande-Rivière, akapanda kwa vita mpaka kuwa kanali wa Toussaint. Mwezi wa Julai Leclerc aliamuru kwa siri akamatwe. Alipopata habari hakungoja. Alishambulia, akarudi milimani, akashambulia tena. Leclerc aliwatuma vijana wake wakafa. Akatuma wengine wakafa pia, nusu kwa risasi na nusu kwa homa. Mwishowe aliwatuma Christophe na Dessalines wakawawinde ndugu zao, nao wakaenda. Dessalines ndiye aliyemkamata Charles Bélair, mpwa wa Toussaint aliyekuwa ameasi, pamoja na mkewe Sanité, aliyekuwa afisa wa jeshi kama mumewe. Wafaransa waliwaua wote wawili mwezi wa Oktoba. Siku hizo Leclerc alimwandikia Bonaparte kwamba haoni njia ila kuwaangamiza weusi wote wa milimani, waume kwa wake, wabaki watoto wa chini ya miaka 12 tu. Tarehe 2 Novemba homa ya manjano ilimwua yeye.

Oktoba hiyo majemadari waligeuka. Pétion alitangulia, kisha Christophe na Dessalines, na Dessalines akafanywa mkuu wa jeshi lote. Wakaenda milimani wakawaambia waliokuwako: sasa sisi ndio wakubwa wenu, tufuateni.

Sans Souci alikubali kumtambua Dessalines, lakini Christophe alimkataa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Jana mtu huyu alikuwa akiwasaka watu wake kwa bunduki za Kifaransa. Leo awe jemadari wake kwa haki gani? Nani alikuwa askari wa uhuru mwezi wa Agosti? Christophe naye alikuwa na hoja yake, nayo si ya kudharauliwa: jeshi lenye wakuu kumi halina mkuu, na Wafaransa walikuwa bado Le Cap. Mapema mwaka 1803 Christophe alimwita Sans Souci kwa mazungumzo katika shamba la Grand-Pré. Sans Souci akaja na walinzi wachache. Mkono wa mazungumzo ukageuka singe, akauawa pale pale. Petit-Noël Prieur alilipiza kisasi kwa kumwua Paul Louverture, ndugu yake Toussaint, ambaye hakuwa na hatia katika jambo hilo. Dessalines akawafuata hao nao mpaka akawamaliza.

Yawezekana kwamba bila amri moja vita isingeshindwa. Wanavyuoni wa historia husema hivyo, na hawakukosea wote. Lakini kuna kuua kwa lazima ya vita, na kuna kumwua mtu kwa sababu anakumbuka ulikokuwa jana. Aliyelijenga jumba lile Milot alijua la kwake lilikuwa lipi.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Rochambeau, aliyeshika mahali pa Leclerc, aliwazamisha wafungwa ghubani na akaagiza mbwa wakali kutoka Cuba wawale watu. Tarehe 18 Novemba 1803, kwenye ngome ya Vertières nje ya mji wa Le Cap, Capois aliwaongoza askari mbele ya mizinga. Farasi wake akaanguka, kofia ikapeperushwa na risasi, naye akaenda kwa miguu akiita mbele, mbele, hata Wafaransa wenyewe wakasimamisha mizinga kidogo kumpa heshima. Mwishoni mwa mwezi huo Wafaransa walipanda vyomboni, na Waingereza wakawateka baharini. Tarehe 1 Januari 1804 huko Gonaïves nchi ilitangazwa huru, ikarudishiwa jina la wenyeji wa kale, Haiti. Katika miezi iliyofuata Dessalines aliamuru Wafaransa waliobaki wauawe, nao waliuawa kwa maelfu, wanawake na watoto wakiwamo. Hilo nalo ni katika hesabu.

Je, askari? Dessalines alitaka warudi mashambani, na aliuawa na maafisa wake mwenyewe tarehe 17 Oktoba 1806. Christophe, kule kaskazini, aliwarudisha kwa fimbo, na jumba na ngome yake vilijengwa kwa kazi ya lazima. Pétion, kule kusini, alianza kuwagawia ardhi kwa vyeo, askari mdogo akipata kidogo na jemadari shamba zima. Na mwaka 1816 alimpa Bolívar bunduki na baruti kwa sharti kwamba awaache huru watumwa wa nchi atakazozikomboa. Lakini walio wengi hawakungoja kupewa. Walipanda vilimani, wakafyeka, wakajenga vibanda kuzunguka ua mmoja wa ukoo, wakalima walichokula. Boyer, aliyeunganisha nchi baada yao, alitoa mwaka 1826 sheria ya kuwafunga tena na mashamba makubwa, na sheria hiyo ikawashinda maafisa wake wenyewe, kwa kuwa hapakuwa na askari aliyetaka kwenda kumkamata nduguye kilimani.

Mwaka mmoja kabla ya sheria hiyo, mwaka 1825, mfalme wa Ufaransa alituma manowari 14 zikatia nanga mbele ya Port-au-Prince. Zilileta hati ya kuutambua uhuru wa Haiti, na bei yake: faranga 150,000,000, ziwe fidia kwa wale waliopoteza mashamba na watumwa. Boyer aliweka sahihi. Fedha hazikuwapo, zikakopwa Paris kwa riba. Baadaye, mwaka 1838, deni lilipunguzwa, lakini mikopo iliyotokana nalo haikumalizika kulipwa mpaka mwaka 1947. Majemadari hawakuitoa fedha hiyo mifukoni mwao. Ilitozwa katika kahawa, gunia kwa gunia, bandarini. Na kahawa ilishuka kwa punda kutoka vilimani, pamoja na vile vya Grande-Rivière, ambako Sans Souci alikuwa amewakusanya watu wake.